Polishi ya Mkono Mmoja

Mliniuliza juzi, ninyi wawili mnaong'arisha magari karibu na daraja la Lukuga, kama polishi ya mkono mmoja ni kitu cha kweli au ni maneno ya chupa tu. Nilikuwa nawahi misa, nikawajibu kwa kifupi kwamba inategemea. Jibu hilo lilinikera njia nzima. Mtu anayekwambia inategemea, asikwambie inategemea nini, hajakusaidia kitu. Leo nimekaa, chai iko mezani, na nitawajibu inavyopaswa.

Kwanza tuelewane maneno. Kwa sisi mafundi wa rangi, mkono ni safari moja ya kazi juu ya gari zima. Ukipita na mashine na polishi kali ya kukata mikwaruzo, huo ni mkono wa kwanza. Ukirudi na polishi laini ya kuleta mng'ao, huo ni wa pili. Polishi ya mkono mmoja inadai kufanya yote mawili kwa safari moja, ikate na ing'arishe papo hapo. Wavivu wanaipendea hilo. Mimi nimeipenda kwa sababu nyingine kabisa, na sababu hiyo ilikuwa Peugeot 404 ya bluu ya Mama Sangwa.

Nchi ilikuwa bado Zaire, nami nilikuwa fundi katika karakana ya Papa Mumba, upande wa chini wa reli, mahali ambapo vumbi jekundu la barabara na mchanga wa ziwa vilikutana juu ya kila gari. Papa Mumba alikuwa mfupi, mkali, na mlokole asiyegusa pombe. Neno moja alilichukia kuliko matusi, nalo ni kusugua. Mwanafunzi akisema anakwenda kusugua gari, alipelekwa kuosha magurudumu mpaka jioni.

"Sufuria njo inasuguliwa," alikuwa anasema. "Rangi inaamushwa."

Mwanzoni nilifikiri ni mbwembwe za mzee. Baadaye nikaelewa kwamba neno lile lilikuwa na mafunzo yote ndani yake. Rangi za magari ya wakati ule hazikuwa na vanishi juu yake. Jua liliua ngozi ya juu tu, ikawa nyeupe na kavu, lakini chini yake rangi yenyewe ilikuwa imelala, nzima. Kazi ya fundi ilikuwa kuiondoa ngozi ile iliyokufa bila kumjeruhi aliyelala chini. Kitambaa kikitoka na bluu, tulifurahi. Ninyi leo mkiona rangi kwenye sufu ya mashine, ile ngozi ya kondoo inayozunguka, msifurahi, kwa sababu magari yenu yana vanishi juu, na rangi ikionekana ina maana mmekwisha kuitoboa. Hapo zima mashine, umwite mwenye gari, umwambie ukweli.

Anayesugua anatumia nguvu. Anayeamsha anatumia uzito wa mashine peke yake. Kamba ya umeme iweke begani ili isiburuzike juu ya bati. Polishi isambaze kwanza mashine ikiwa haijawashwa, la sivyo utajipaka wewe na ukuta. Pita kwa mistari inayonyooka, kisha ivuke kwa mistari mingine, sufu ikilala bapa, usisimame mahali hata kama mtu anakuita kwa jina la baba yako. Kila mara weka mgongo wa mkono juu ya bati. Ukiweza kuuacha pale, endelea. Ukiutoa haraka, rangi nayo ingependa kukimbia, ila haina miguu.

Lakini hatari kubwa ya mji wetu wa Kalemie haikuwa kwenye mkono wa fundi. Ilikuwa kwenye umeme. Kiwanda cha nguo kilipokuwa kinafanya kazi, kilikunywa umeme wa mji mzima, na mashine yetu ilizunguka polepole, kwa sauti ya mtu anayekoroma. Sireni ya kiwanda ikilia na mitambo ikizimwa, umeme wote uliobaki ulitukimbilia sisi. Mashine iliruka ghafla, ikapiga kelele, ikauma. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya karakana yetu haikuhusu polishi wala sufu. Ilisema hivi: sireni ikilia, inua mikono.

Kabange hakuinua. Kabange alikuwa mwenzangu, pacha mdogo kama jina linavyosema, fundi hodari wa injini ambaye siku moja alijidai anaweza na rangi pia. Alikuwa juu ya ukingo wa Volkswagen nyekundu ya mfanyabiashara mmoja, anapiga mluzi, na mluzi wake ukamzuia kusikia sireni. Kufumba na kufumbua, kwenye ukingo ule kulikuwa na mstari mweupe, mrefu na safi. Kabange akauangalia, akasema kwa upole kwamba labda mwenye gari anapenda mapambo. Mwenye gari hakupenda. Kwenye ukingo rangi ni nyembamba kuliko popote, kwa hiyo tangu siku hiyo hakuna gari lililoguswa na mashine kwetu kabla ya kingo zake kufunikwa kwa karatasi ya gundi. Kabange alirudi kwenye injini zake, na mluzi ukapigwa marufuku.

Sasa nije kwa Mama Sangwa. Mume wake alikuwa dereva wa taksi, mtu wa maringo mazuri. Kila asubuhi kabla ya kuondoka aliinama mbele ya boneti la 404 ile, akajitazama humo, akaweka kofia yake sawa. Majirani walimcheka kwamba ana kioo kikubwa kuliko saluni. Alipofariki, gari liliachwa uani chini ya turubai bovu. Kwa desturi ya ukoo wao, chombo cha marehemu hakioshwi mpaka siku ya kutoa matanga, kama mjane asivyosuka nywele. Mvua ikapita, jua likapita, kuku wakalala juu yake. Bluu ikawa rangi ya majivu.

Kaka mkubwa wa marehemu, Papa Kaite, alikuwa na boti ya mizigo kule Moba, na injini ya boti ilikuwa imemchosha. Injini ya 404 ilikuwa nzima, na hilo alilijua. Akaja na shauri lake mbele ya wakubwa wa ukoo: gari limekufa, injini iende kwenye boti, bati liuzwe kwa wafua sufuria. Mama Sangwa akakataa. Alitaka dereva aliwashe tena kama taksi, watoto wake wale kwa kazi ya baba yao. Papa Kaite akamwambia hakuna mteja atakayepanda maiti.

Akasafiri kwenda Moba, na Mama Sangwa akafanya jambo ambalo mama wa Kalemie peke yake angelifanya. Alipaka gari mawese. Alilipaka lote, kwa viganja vyake, kama mama anavyompaka mtoto mafuta kabla ya kumpeleka kanisani. Mtu akimkumbusha desturi, alijibu kwamba kupaka si kuosha. Na kweli gari liling'aa, siku moja. Siku ya pili lilikuwa limevaa vumbi lote la mtaa, na sisimizi walikuwa wanapanda kwa mstari kutoka gurudumu la mbele. Papa Kaite alirudi akaona, akapitisha kidole juu ya boneti, kikatoka na mafuta mekundu. Akacheka mbele ya watu wote, akauliza tangu lini maiti ikapakwa mafuta ili ifufuke.

Kicheko kile kilimuumiza mama kuliko shauri lenyewe. Akamjibu kwamba siku ya kutoa matanga gari litang'aa lenyewe, bila mafuta. Papa Kaite, mbele ya wakubwa, akakubali: likiwa linang'aa lenyewe, ataliacha. Likiwa limepakwa tena, watu wake wataanza kufungua injini papo hapo, uani, kabla ya chakula.

Ndivyo Mama Sangwa alivyofika kwetu, kitambaa cheusi kichwani, akatuambia yote bila kulia. Nikamuuliza kuhusu desturi, kama tunaruhusiwa kuliosha kabla ya siku yenyewe. Alikuwa ameshalifikiria hilo. "Ninyi hamuko ba ukoo," alisema. "Hamuna matanga na hii gari."

Kabange alilivuta mpaka karakana. Tuliondoa mawese kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kwa kitambaa cha mtoto kilichofuliwa mara nyingi, siyo kitenge kipya, kwa maana kitenge kipya ni kigumu na kinakwaruza. Na tafadhali, hapa nawasema ninyi: msioshe gari kwa ndoo iliyochotwa palepale ufukoni. Mchanga wa ziwa ni laini machoni tu. Baada ya kuosha nilivaa kidoleni ile karatasi laini ya nailoni ya nje ya pakiti ya sigara, nikaipitisha juu ya bati. Kwa karatasi hiyo kidole kinasikia kila chembe iliyobaki, na mpaka leo sijapata chombo kinachoishinda.

Papa Mumba akaja, akainama ubavuni mwa gari, macho sambamba na bati. Gari lilikuwa limeshapitiwa na mafundi wengine miaka ya nyuma, watu wa kusugua, na mahali pengine rangi ilikuwa nyembamba mpaka kivuli cha rangi ya chini kilionekana.

"Hii iko na mukono moja tu," alisema. "Wa pili utakuta bati."

Bluu ile ya kupaka upya haikupatikana mjini, wala Manono, wala kwa watu wa boti. Hapo sasa, wanangu, ndipo polishi ya mkono mmoja inapoacha kuwa mambo ya wavivu. Unaitumia kwa sababu rangi haina uhai wa safari ya pili. Kwa hiyo tulipaswa kuchagua polishi moja, na tusikosee.

Karakana ilikuwa na tatu zilizojiita za mkono mmoja. Ya kwanza ilikuwa nzito, ya kopo, iliyobaki tangu zamani za Wabelgiji. Ya pili ilikuwa ya maji maji, nyeupe, iliyovuka ziwa kutoka Kigoma, na madereva wote waliisifu. Ya tatu ilikuwa ya waridi, ndani ya chupa isiyo na sifa yoyote, iliyoletwa na boti ya Bujumbura. Nilifunika mlango wa nyuma wa buti kwa karatasi ya gundi, nikaacha vidirisha vitatu chini kabisa, palipofichwa na bamba la namba, nikajaribu kila moja kwa sufu ileile na mwendo uleule. Hapo msidanganyane. Ukibadilisha polishi na sufu kwa pamoja, hutajua ni ipi iliyofanya kazi.

Ya Kigoma ilishinda mara moja. Kidirisha chake kiling'aa kama maji. Nilikuwa tayari kumpa Mama Sangwa habari njema, lakini Papa Mumba akanituma nikanunue lutuku.

Mnaijua lutuku, pombe ile ya mahindi inayowashwa kiberiti ikashika moto. Kwa mlokole kumtuma mtu lutuku ni ajabu, na kwangu ilikuwa aibu, maana muuzaji alikuwa jirani wa katekista wetu, na katekista alikuwa amekaa hapo hapo. Nilimweleza katekista kwamba ni ya gari. Akasema amesikia visingizio vingi maishani mwake, lakini hicho ni kipya.

Papa Mumba alilowesha kitambaa kwa lutuku ile, akafuta vidirisha vyote vitatu. Kile cha Kigoma kikafifia mbele ya macho yangu, na mikwaruzo yote ikarudi mahali pake. Polishi ile ilikuwa na mafuta mengi. Haikukata kitu, ilijaza mikwaruzo na kuificha. Yalikuwa mawese yaleyale ya Mama Sangwa, ila yamesoma. Ya kopo ilikuwa imekata kweli, mikwaruzo haikurudi, lakini iliacha ukungu ambao ungedai mkono wa pili, nasi wa pili hatukuwa nao. Ya waridi, ile isiyo na sifa, ilibaki vilevile kabla ya lutuku na baada yake. Chembe zake zilianza kwa kuuma, zikasagika, zikamalizia kwa kulamba. Mng'ao wake ulikuwa mdogo kuliko wa Kigoma, lakini ulikuwa wa rangi yenyewe.

Tangu siku ile sijawahi kuamini mng'ao ambao haujafutwa kwa lutuku. Ninyi mna dawa zenu za kupuliza. Sawa, tumieni hizo, bora mfute.

Tulibadilisha na sufu. Ngozi mpya ya kondoo inakata sana, tukachukua iliyozeeka, ambayo manyoya yake yalikuwa yamelegea. Polishi ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kile kinachoibeba. Kisha Papa Mumba akanikabidhi mashine. Macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti, na alijua. Nilitamani akatae kunipa. Hakukataa.

Nilianza asubuhi kiwanda kikiwa kinakoroma na mashine ikikoroma nayo. Milango ikatoka vizuri, paa likatoka vizuri. Bluu ilikuwa inaamka kipande kwa kipande, na kila nilipofuta nilisikia furaha ya kitoto. Boneti niliacha mwisho. Nilikuwa katikati yake, juu ya ule mgongo ulioinuka ambapo kivuli cha rangi ya chini kilikuwa kinaonekana, nikijua sireni iko mbali bado.

Sireni ikalia. Mkubwa fulani wa chama alikuwa anashuka uwanja wa ndege siku hiyo, na wafanyakazi walifunguliwa mapema wakamwimbie na kumchezea. Hakuna aliyetuambia sisi. Sikufikiri. Mikono yangu ilifikiri yenyewe, na mashine ilipoanza kupiga mayowe ilikuwa hewani, juu ya kichwa changu, ikinirushia polishi ya waridi usoni. Nikaizima. Papa Mumba alikuwa amesimama, rangi imemtoka. Tukainama wote wawili. Mgongo wa boneti ulikuwa mzima, lakini nusu yake ilikuwa bado kijivu.

Umeme haukushuka tena siku hiyo, na kesho yake ilikuwa siku ya kutoa matanga. Kabange akasema tujaribu mashine kwa uangalifu tu, kidogo kidogo. Nikamwambia hapana. Nilikata kipande cha sponji ya godoro, nikaweka polishi ya waridi, nikamaliza boneti kwa mkono huu mnaouona, kwa mistari ya mashine, polepole, mpaka bega likaacha kuuma na kuwa kama si langu. Sikukubali kuliacha. Nilimfikiria yule mama na kidole cha shemeji yake, na nilikuwa na hasira nzuri, ile inayofanya kazi. Kumaliza, nikalifuta gari zima kwa lutuku iliyobaki.

Kesho yake Kabange aliliendesha mpaka uani kwa Mama Sangwa, mimi pembeni yake. Mama alitoka amevaa kitenge kipya, kitambaa cheusi kimetolewa, nywele zimesukwa. Aliliangalia gari, akaliegemea kidogo kwa kiuno kama mtu anayeegemea mlango wa nyumba yake.

Papa Kaite alifika kutoka bandarini na vijana wake wa boti na mfuko wa spana. Alilizunguka gari lote. Akapitisha kidole juu ya boneti, akakiangalia: kikavu. Akakinusa. Mezani kulikuwa na lutuku ya wageni. Akachukua bilauri, akamwaga kidogo chini kwa ajili ya ndugu yake, kama ilivyo desturi. Na iliyobaki akaimwaga juu ya boneti, juu ya ule mgongo nilioumaliza kwa mkono, akatoa kitambaa chake cheupe mfukoni, akafuta kwa nguvu. Akasugua kabisa, Papa Mumba angemtuma kuosha magurudumu.

Kitambaa kilitoka cheupe. Bluu ilibaki palepale.

Aliinama aangalie kwa karibu, na alipoinama akakutana na uso wake mwenyewe ndani ya boneti. Wale ndugu wawili walifanana sana. Alikaa hivyo, ameinama, na mabega yake yakaanza kutikisika. Tangu mazishi hakuna aliyemwona akilia.

"Hapa njo alikuwa anawekaka kofia yake," alisema.

Mama Sangwa alikwenda akasimama karibu naye. "Ndiyo, njo hapa, shemeji," alimjibu.

Papa Kaite akajifuta uso kwa kitambaa kilekile chenye lutuku, kikamwasha macho, akacheka na kulia pamoja. Akaweka kofia yake sawa ndani ya boneti. Kisha tukala.

Jioni boti ilikuwa inasubiri kurudi Moba, na bandari ni mbali kwa miguu kwa mtu aliyeshiba. Mama Sangwa akampa Kabange ufunguo. Mteja wa kwanza wa taksi ile alikuwa Papa Kaite mwenyewe, amekaa mbele, na mfuko wa spana magotini.